Mkuu wa Chuo si mwenye chuo

Juzi amekuja mzazi mwingine na bahasha ya kaki. Ndani kuna barua ya kurasa tatu, "YAH: OMBI LA KUFIKIRIWA UPYA", imeelekezwa moja kwa moja kwa Mkuu wa Chuo. Kijana wake amedisko, yaani kaondolewa masomoni kwa kufeli, mwaka wa pili. Barua haina K.K. ("kupitia kwa") hata moja, si ya mkuu wa idara wala ya amidi wa kitivo. Mzazi akaniambia: "Mwanangu, mkubwa akisema neno, hawa wa chini watafanya nini?"

Miaka yote niliyokaa sekretarieti ya baraza la chuo, hakuna dhana iliyonichosha kama hii, kwamba Mkuu wa Chuo Kikuu ndiye mwenye chuo.

Jina lenyewe lina lawama. Kwenye chuo cha ualimu au VETA, mkuu wa chuo ndiye anayefungua ofisi asubuhi na kusaini ruhusa. Wa chuo kikuu huja siku ya mahafali, akavaa joho, akatunuku shahada, akaondoka. Kazi za kila siku ni za makamu wake.

Na historia nayo ina lawama. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipojitegemea mwaka 1970, Mkuu wake alikuwa Rais Nyerere mwenyewe. Makamu mkuu wa kwanza, Pius Msekwa, alitoka kwenye ukatibu mtendaji wa TANU. Ibrahim Kaduma aliyempokea 1977 alitoka uwaziri. Wanafunzi walipoandamana Machi 1978 kupinga nyongeza ya maslahi ya viongozi, walitimuliwa, jumuiya yao ya DUSO ikapigwa marufuku, na mahali pake ikaja nyingine, MUWATA, chini ya mwavuli wa chama tawala. Wazee wa enzi hizo wakisema barua ya Mkuu wa Chuo ni barua ya Ikulu, siwacheki. Ilikuwa hivyo.

Kiti hicho leo hakikaliwi na Rais aliye madarakani. Dar es Salaam Mkuu ni Jakaya Kikwete, Rais mstaafu, tangu 2016. Hapo ndipo wasomi wetu nao wanapopotea: eti basi vyuo vimekuwa huru. Kweli, Sheria ya Vyuo Vikuu ya 2005 na Hati Idhini zilizofuata, yaani hati zinazoanzisha kila chuo na kupanga madaraka yake (ya Dar es Salaam ni ya 2007) ziliipa Seneti taaluma na Baraza uendeshaji. Lakini makamu mkuu wa chuo cha umma bado tunamsikia kwenye taarifa ya Ikulu. Mishahara inatoka Hazina. Idara ikipungukiwa mhadhiri msaidizi, inasubiri tangazo la Sekretarieti ya Ajira. Nimeshuhudia Baraza likipitisha bajeti saa tano asubuhi, na saa sita wajumbe wale wale, vikombe vya chai mkononi, wanaulizana fedha yenyewe itashuka lini. Ukitaka kujua chuo kinatawaliwa na nani, fuata barua ya uteuzi na hundi. Joho achana nalo.

Dhana nyingine nazimaliza haraka. TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, haikuchagulii chuo: udahili wa pamoja ulioanza 2010 uliondolewa 2017, siku hizi unaomba chuoni, TCU inahakiki sifa. Vyuo binafsi navyo viko chini ya sheria ile ile ya 2005, hata mmiliki akiwa kanisa. Na yule mjumbe wa Baraza mnayesali naye msikiti mmoja hawezi kugusa alama za mtoto wako. Matokeo ni mali ya Seneti. Akikuahidi vinginevyo, mkimbie.

Kwa hiyo nilimwambia mzee wangu: rufaa aandike kijana mwenyewe, ipite idarani, iwahi kabla muda haujaisha. Na Hati Idhini ya chuo muisome, hata kurasa za mwanzo tu, kabla ya kununua bahasha.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Akakunja barua yake taratibu, akaitia mfukoni, kisha akaniuliza kama walau ninayo namba ya simu ya Mkuu.