Bei "Njoo Inboksi"? Mteja Ameshapita

Ngamiani, hapa Tanga mjini, kwenye moja ya zile barabara za namba, kuna mama anauza mkate wa ufuta. Alikuja kwenye mafunzo yetu ya video kwa wafanyabiashara wadogo akiwa na dukuduku: anaposti kila siku, watu wanasifia, hawanunui. Nikaomba simu nione. Dakika 3 nzima. Sekunde 20 za mwanzo jina la biashara linazunguka na muziki juu, kisha yeye mwenyewe kasimama ukutani anatusalimu. Mkate unatokea mwishoni, umeshafungwa kwenye karatasi. Bei? Njoo inboksi.

Nikamuuliza: "Mama, mpita njia anasimama saa ngapi hapo kibarazani kwako?"

Akacheka. "Nikikipindua chuma, mwanangu."

Basi video ianzie hapo. Tulirekodi upya: mikono inanyunyiza ufuta, chuma cha kuokea kinapinduliwa kuelekea makaa, unga unashika rangi, tui linanukia hata kwa macho. Halafu sauti yake inataja bei, saa anayoanza kuuza, barabara ya ngapi, mkabala na nini, na namba ya simu. Sekunde 30, basi.

Hili la bei nalisema kila darasa na kila darasa linanibishia. Wanaficha wakihofia washindani, kana kwamba jirani hajui unauzaje. Anayefichwa ni mteja. Wengi huona haya kuuliza bei wasiyoiweza, wengine wanahisi utawapangia bei kwa kuangalia picha yao ya wasifu. Na yule anayeuliza, ukimjibu baada ya saa mbili, ameshakula cha mwingine. Kama bei inabadilika, taja inapoanzia.

Kamera ya simu inatosha. Futa lenzi kwanza. Simu ya mpishi haikosi mafuta. Shika simu wima, maana stetasi ya WhatsApp na TikTok hutazamwa hivyo. Jua la saa sita hapa Tanga liko utosini, macho yanageuka mashimo meusi, kwa hiyo rekodi kabla ya saa nne asubuhi au baada ya saa kumi jioni, ama usogee mlangoni mwanga ukupige usoni. Ukiona mistari inatembea kwenye video ya dukani, simu si mbovu. Umeme wetu huzunguka mara 50 kwa sekunde na simu nyingi hurekodi fremu (picha) 30 kwa sekunde, hazipatani. Kama mipangilio inaruhusu, weka fremu 25.

Picha mbaya mtu huvumilia, sauti mbaya havumilii. Niliwahi kushinda asubuhi nzima soko la samaki la Deep Sea namrekodi muuza samaki, nikarudi na upepo wa kusi peke yake. Mtu anafungua mdomo, kinachosikika ni tanga linapigwa. Siku hizi natumia maiki ya waya wa spika za masikioni, naificha chini ya kanga au kola, mzungumzaji anaupa upepo mgongo. Ikishindikana, rekodi maneno baadaye chumbani penye godoro na nguo nyingi, uyabandike juu ya picha.

Mteja akionekana uso, mwombe ridhaa kabla ya kuposti. Tangu 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Wimbo wa msanii usiuchukue tu kutangazia bidhaa. Mlio wa ufuta ukidondoka kwenye chuma ni wako, na mimi naona unauza kuliko singeli.

Usihesabu waliotazama. Muulize kila anayenunua, "Umetuonea wapi?", uandike. Mama yule ana daftari la mistari miwili: S ni stetasi ya WhatsApp, T ni TikTok. Wiki ya kwanza vijiti vya S vilijaa ukurasa, karibu wote majirani na wanafunzi wenzake mwanawe. TikTok ilimletea pongezi kutoka Mwanza na Maskati, ambako mkate wa moto haufiki.