John Archer: diwani wa Battersea aliyepata umeya kwa kura moja

Usiku wa Novemba 10, 1913, madiwani wa Battersea, kusini mwa mto Thames, walikaa kumchagua meya. Hesabu ilipotoka, John Archer alikuwa na kura 40 dhidi ya 39. Hivyo ndivyo jiji la London lilivyopata meya wake wa kwanza mweusi.

Magazeti yalikuwa yamemzushia asili. Zilienea habari kwamba kazaliwa Rangoon, kule Burma. Archer akajibu palepale ukumbini, kwa kejeli: alizaliwa katika kijiji kimoja kisichojulikana kiitwacho Liverpool. Baba yake alitoka Barbados, na mama yake, alisisitiza, alikuwa Muairishi.

Utasikia mara nyingi kwamba alikuwa meya mweusi wa kwanza Uingereza nzima. Si kweli. Allan Glaisyer Minns, daktari mzaliwa wa Bahamas, alishika umeya wa mji mdogo wa Thetford mwaka 1904.

Lakini umeya wa Archer ulikuwa wa mwaka mmoja tu, na kwa maoni yangu tunaukuza kupita kiasi. Archer alikuwa mpiga picha mwenye studio yake Battersea, na aliingia barazani mwaka 1906 kama diwani wa kata ya Latchmere. Hapo ndipo alipofanya kazi inayogusa matumbo ya watu: alipigania wafanyakazi wa halmashauri wasilipwe chini ya shilingi 32 kwa wiki. Mwaka 1909 wapiga kura wakamnyima kiti. Mwaka 1912 wakamrudisha.

Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia macho yake yalitazama mbali zaidi. Mwaka 1918 akawa rais wa kwanza wa African Progress Union, chama cha kutetea watu wenye asili ya Afrika, na mwaka uliofuata alikuwa Paris kwenye kongamano la Umajumui wa Afrika.

Kisha, mwaka 1922, akafanya jambo ambalo wanasiasa wachache hulifanya: aliacha udiwani wake ili awe wakala wa uchaguzi wa mtu mwingine, Shapurji Saklatvala, mkomunisti mzaliwa wa Bombay. Saklatvala akashinda ubunge wa Battersea Kaskazini. Mtoto wa Mbarbados ndiye aliyemsimamia Mhindi kampeni, miongoni mwa vibarua wa Kiingereza.

Archer alirudi barazani baadaye, na kifo kilimkuta humo Julai 1932, akiwa naibu kiongozi wa madiwani wa chama cha Labour. Kibao cha buluu cha kumkumbuka kiliwekwa mwaka 2013 kwenye nyumba aliyoishi, namba 55 Brynmaer Road.