Maana ya "Uandishi Bora" katika Tamthilia za Televisheni

Mtu akisema kwamba tamthilia fulani imeandikwa vizuri, mara nyingi huwa anakusudia kwamba wahusika wake wanazungumza kwa ufasaha, au kwamba kuna usemi mmoja uliomkaa kichwani hata akawatumia rafiki zake, au kwamba sehemu ya mwisho ilimtoa machozi. Yote hayo yanaweza kuwa kweli na tamthilia yenyewe isiwe imeandikwa vizuri hata kidogo. Maneno yanayosemwa na waigizaji ni tabaka la juu kabisa la kazi ya mwandishi, kama lipu ya nyumba: ndiyo inayoonekana na mpita njia, na ndiyo inayopigwa mwisho. Ndani ya lipu kuna ukuta, chini ya ukuta kuna msingi, na anayetaka kuhukumu uandishi wa tamthilia hana budi kufika huko.

Kwa maana yake kamili, uandishi wa tamthilia ni kazi ya kuamua nani anataka nini, nani anamzuia, nini kinatokea kwa sababu ya mvutano huo, mtazamaji aambiwe lini na afichwe nini. Mazungumzo hufuata baada ya maamuzi hayo. Aliyesoma fasihi shuleni anayajua mambo haya kwa majina ya msuko, usawiri wa wahusika, mgogoro na taharuki, na kwa kiasi kikubwa majina hayo yanatosha. Televisheni, hata hivyo, inaongeza mzigo ambao filamu haina, nao ni muda. Filamu humalizika ndani ya saa mbili au tatu, ilhali tamthilia inaweza kuendelea kwa miaka 6 au 7, watazamaji wakikua pamoja nayo, na mwandishi akalazimika kulipa katika mwaka wa tano deni alilolikopa katika mwaka wa kwanza. Kwa hiyo mimi husema kwamba tamthilia imeandikwa vizuri pale ambapo kila tukio lina mzazi wake na kila tukio linazaa. Hakuna jambo linalozuka tu kwa kuwa mwandishi alilihitaji jioni hiyo.

Tamthilia inayoonyesha maana hii kwa uwazi kuliko nyingine zote ninazozijua ni The Wire, iliyorushwa na kituo cha HBO nchini Marekani kuanzia Juni 2002 hadi Machi 2008, kwa misimu 5 na sehemu 60. Inahusu mji wa Baltimore: vijana wanaouza dawa za kulevya, polisi wanaowafuatilia, makuli wa bandarini, wanasiasa, walimu na waandishi wa habari. Mwanzilishi wake, David Simon, alikuwa ripota wa habari za polisi katika gazeti la The Baltimore Sun kwa zaidi ya miaka 10, na mwenzake Ed Burns alikuwa mpelelezi wa mauaji katika mji huohuo kabla ya kwenda kufundisha shule. Kadiri misimu ilivyosonga waliwashirikisha watunzi wa riwaya za uhalifu, wakiwemo George Pelecanos, Richard Price na Dennis Lehane. Namtahadharisha ambaye hajaitazama kwamba nitataja yanayowapata baadhi ya wahusika, kwa kuwa haiwezekani kueleza ufundi wa msuko bila kuufungua.

Katika sehemu ya tatu ya msimu wa kwanza, D'Angelo, kijana anayesimamia uuzaji wa dawa kwa niaba ya mjomba wake Avon, anawakuta vijana wawili walio chini yake, Bodie na Wallace, wakicheza drafti kwa kete za sataranji. Anasikitika kuona kete za mchezo mkubwa zinatumika kwa mchezo mdogo, naye anakaa kuwafundisha. Anawaeleza kuwa mfalme hafanyi kazi kubwa, kwa sababu wengine wote wapo kumlinda, na mmoja wa vijana anasema huyo ni kama mjomba wako. Malkia anakwenda popote na kufanya lolote, nao wanamfananisha na Stringer, msaidizi wa Avon. Vikafuata vile vikete vidogo vya mstari wa mbele. Bodie anauliza kama kikete kidogo kikivuka hadi upande wa pili kinaweza kuwa mfalme, naye anajibiwa kwamba mfalme hubaki kuwa mfalme, na kwamba vidogo huondolewa mchezoni mapema. Bodie hakubali. Anasema labda kikete kikiwa kijanja.

Onyesho hilo ni la dakika chache tu, nalo linafaa kuangaliwa kwa karibu. Mfalme ametajwa ni nani na malkia ametajwa ni nani, lakini hakuna hata mmoja wao anayetamka kwamba vikete vidogo ndio sisi. Mwandishi dhaifu angelitamka, kwa hofu kwamba mtazamaji hataelewa, na kwa kulitamka angelimnyang'anya mtazamaji kazi ambayo ndiyo raha yenyewe ya kutazama. Lile linaloeleweka bila kusemwa huitwa matini fiche, nalo ni kipimo cha kwanza cha uandishi. Tena kila mmoja pale anataka kitu chake: D'Angelo anataka kuheshimiwa baada ya kushushwa cheo na mjomba wake, Wallace anataka kujifunza, Bodie anataka kupanda. Somo la sataranji limewekwa ndani ya matamanio hayo, na ndiyo maana halisikiki kama hotuba.

Sehemu inayofuata ina onyesho ambalo hutajwa sana na waandishi, na kwa haki. Wapelelezi wawili, McNulty na Bunk, wanaingia katika jiko la nyumba ambamo mwanamke aliuawa miezi kadhaa kabla, wakaanza kupima, kulinganisha picha, kufuata njia ya risasi kutoka dirishani hadi kwenye mlango wa friji. Kwa dakika kadhaa hawasemi chochote isipokuwa tusi moja, wanalolirudiarudia kwa sauti tofauti: la mshangao, la shaka, la kuelewa. Ukiyaandika mazungumzo yao kwenye karatasi utapata neno moja tu. Hata hivyo ni miongoni mwa maonyesho yaliyoandikwa kwa ustadi mkubwa katika historia ya televisheni, kwa sababu kila hatua ya uchunguzi imepangwa na mwandishi, na mtazamaji anagundua pamoja nao. Anayepima uandishi kwa utamu wa maneno atalipita onyesho hili asilione.

Huku kwetu Afrika Mashariki tunacho kipimo ambacho watazamaji wa Marekani hawana, nacho ni kazi za kutafsiriwa. Tangu enzi za Lufufu nchini Tanzania na DJ Afro nchini Kenya, watu wengi wamezijua hadithi za nje kupitia sauti ya msimulizi anayeifunika sauti ya asili, akaweka maneno yake, mizaha yake, na pengine akambadilisha mhusika jina. Kwa namna hiyo lipu yote ya mwandishi wa kwanza hubanduliwa na kupigwa nyingine. Kinachobaki ni ukuta: nani alimfanyia nini nani, na kwa nini. Hadithi iliyosimama juu ya mazungumzo matamu pekee haiwezi kuvuka daraja hilo, lakini iliyosukwa vizuri huvuka, na kibanda kizima hunyamaza pale panapotakiwa kunyamaza. Kitu kimoja tu hupotea, na hasara yake si ndogo: msimulizi hupenda kujaza ukimya, na ukimya ndipo matini fiche inapokaa. Lile onyesho la jikoni lisingesalimika.

Ni nani hasa anayefanya kazi hii? Jina linaloandikwa mwanzoni mwa sehemu linaweza kupotosha. Nchini Marekani desturi ni kuwa na chumba cha waandishi, ambamo watu kadhaa hukaa kwa wiki nyingi wakiipasua hadithi ya msimu mzima, mara nyingi kwa kadi zinazobandikwa ubaoni, kadi moja kwa kila tukio. Baada ya hapo kila sehemu hupewa mwandishi mmoja aiandike, kisha hurudi mikononi mwa mwandishi kiongozi, ambaye ndiye pia anayeendesha kazi nzima ya utengenezaji, naye huipitia upya ili sauti ya wahusika ibaki moja. Umuhimu wa chumba hicho ulionekana waandishi walipogoma. Mgomo wa 2007 hadi 2008 ulidumu siku 100, na ndio ulioufanya msimu wa kwanza wa tamthilia ya Breaking Bad ukatike ukiwa na sehemu 7 tu. Ule wa 2023 ulidumu siku 148, na miongoni mwa madai ya waandishi lilikuwamo la kuwekwa idadi ya chini ya watu katika chumba cha waandishi. Waingereza kwa muda mrefu wamefuata njia nyingine, ya mwandishi mmoja au wawili na sehemu chache. Fawlty Towers ya John Cleese na Connie Booth ina sehemu 12 tu, 6 za mwaka 1975 na 6 za 1979, na vichekesho vyake vimefungwa kama saa: uongo mdogo wa mwanzoni unazaa mwingine, na huo mwingine unazaa fedheha.

Mwaka 2013 chama cha waandishi wa Marekani kiliwapigisha kura wanachama wake kuhusu tamthilia na vipindi 101 vilivyoandikwa vizuri kuliko vyote. The Sopranos ya David Chase ilikuwa ya kwanza, Seinfeld, ambayo ni ya vichekesho, ya pili, The Twilight Zone ya tatu. Mad Men ilikuwa ya saba na The Wire ya tisa. Ni orodha yenye uzito kwa kuwa waliopiga kura wanaijua kazi kwa mikono yao, na inafurahisha kuona vichekesho vimepewa nafasi ya juu, maana wengi wetu huvidharau tukidhani kwamba kuandika huzuni ni kazi ngumu zaidi. Lakini orodha hiyo ilitoka mwezi Juni, wakati Breaking Bad ilimalizika Septemba ya mwaka huohuo, kwa hiyo tamthilia hiyo ilihukumiwa kabla mwisho wake haujajulikana. Tuzo nazo si mizani ya kutegemea. The Wire haikushinda hata moja ya Emmy, tuzo kubwa za televisheni nchini Marekani. Iliteuliwa mara mbili tu, 2005 na 2008, na mara zote mbili ilikuwa kwa ajili ya uandishi.

Mwisho wa hadithi ndipo uandishi unapokaguliwa. Game of Thrones ilipomalizika mwaka 2019, baada ya misimu 8, zaidi ya watu milioni moja walitia saini ombi la kutaka msimu wa mwisho uandikwe upya. Wengi walidhani wanalalamikia hatima ya wahusika, ila kwa maoni yangu kasoro ilikuwa kwingine. Malkia Daenerys, mmoja wa wahusika wakuu, kuuteketeza mji ni jambo lililokuwa na dalili zake tangu zamani, na dalili ya mvua ni mawingu. Tatizo ni kwamba kati ya mawingu na mvua palihitajika sehemu nyingi za kumwonyesha akibadilika, nazo hazikuandikwa. Tukio lilikuwa na mzazi, lakini lilizaliwa kabla ya miezi yake kutimia. Msimu huohuo ulipewa Emmy ya tamthilia bora.

Nikiulizwa ipi imeandikwa vizuri kuliko zote, naiweka The Wire juu ya hata The Sopranos, na sababu yangu iko katika sehemu ya 50, ya mwisho wa msimu wa nne. Wakati huo Wallace amekwisha kuuawa, na mmoja wa waliomuua kwa amri ya wakubwa ni Bodie. D'Angelo naye ameuawa gerezani. Bodie ameketi bustanini na McNulty, amechoka, akisema kwamba mchezo wote umepangwa ili watu kama yeye washindwe, na kwamba wao ni kama vile vidogo vya kwenye ubao wa sataranji. Jina la kete hizo halimjii. McNulty ndiye anayemtajia. Mwandishi haturudishi nyuma kwa mbinu rejeshi kutuonyesha D'Angelo akifundisha, wala Bodie halitaji jina la D'Angelo. Usiku huo anakataa kuikimbia kona yake, anawafyatulia risasi wanaomjia kutoka gizani mbele yake, na anayemuua anatokea nyuma.