Ekspreshonizimu kwenye muvi ni mdudu gani?

Ukiuliza wengi watakwambia ni muvi ya zamani yenye giza giza, ila sio hivyo. Kifupi ni kuonyesha kitu kama roho inavyokiona, sio kama jicho linavyokiona. Si unajua ukiwa na hofu hata chumba chako mwenyewe kinakubana? Sasa hawa jamaa wa ekspreshonizimu wakakijenga kabisa hicho chumba kinachobana.

Mfano wenyewe ni Das Cabinet des Dr. Caligari, muvi bubu ya Ujerumani ya 1920, director Robert Wiene. Kuna kamji kanaitwa Holstenwall, maonyesho yamefika, mahema kila kona, na mzee mmoja wa kofia ndefu, ndo Caligari mwenyewe, anapiga kengele anaita watu waje kumwona Cesare, kijana wa miaka 23 ambaye eti amelala tangu azaliwe, na analala kwenye sanduku kama jeneza. Anaamshwa, kamera imemkazia usoni, macho yanafunguka taratiiibu mpaka wewe ndo unataka kufumba ya kwako. Jamaa mmoja, Alan, kwa kiherehere chake anauliza, nitaishi mpaka lini? Anajibiwa, mpaka alfajiri. Na usiku huohuo anauawa kitandani kwake.

Sasa achana na stori, angalia kilicho nyuma yao. Nyumba zimeegemea kama zimelewa, madirisha yamekatwa pembe pembe, na vivuli vingi sio vivuli, ni rangi! Wamepaka kwa brashi sakafuni na ukutani, miale ya mwanga vilevile. Kazi ya Hermann Warm, Walter Reimann na Walter Röhrig hiyo. Halafu kuna karani wa mji amekalishwa kwenye kiti kirefu kupita kiasi, anamwangalia mzee wa watu kutoka juu huko, na mtu yeyote aliyewahi kufuata kibali ofisini hahitaji maelezo.

Mwishoni (spoila, ila muvi ina zaidi ya miaka 100 bwana) tunakuta msimulizi, Francis, ni mgonjwa kwenye hospitali ya vichaa na Caligari ndo daktari mkuu. Basi watu wanasema aah, kumbe mji ulipinda kwa sababu kichwa cha Francis kimepinda. Mimi hapo nabisha, maana ule ua wa hospitali, stori yake ikiwa imeshaisha kabisa, bado una mistari ileile ya ajabu sakafuni.