Ndege mdogo wa mianzi ya Mahale: mtafute kwa masikio

Wengi wanaopanda boti Kigoma kwenda Hifadhi ya Milima ya Mahale wanawafuata sokwe, na siwalaumu. Mimi hunipandisha mlimani ndege mdogo wa kahawia ambaye hata ukimnasa kwenye darubini, mwenzako anaweza kukuuliza kama ni huyo tu uliyemhangaikia.

Kisayansi anaitwa Locustella alfredi. Mgongo kahawia, tumbo kijivu, mkia mpana, basi. Hawa wa Mahale walielezwa kama nususpishi, yaani tawi ndani ya spishi, iitwayo kungwensis, mwaka 1942 na Reginald Moreau, mtaalamu wa ndege aliyefanya kazi kituo cha utafiti cha Amani kule Usambara. Zamani spishi hii iliwekwa kwenye jenasi (kundi la spishi za karibu) ya Bradypterus, hadi vipimo vya vinasaba vilipoonyesha ukoo wake ni mwingine. Ndugu zake wengi huzaliana Ulaya na Asia, na baadhi hukimbilia Afrika wakati wa baridi. Huyu haendi popote.

Kumwona ni kazi. Hutembea chini kwa chini kama panya, akiokota wadudu kwenye majani makavu na mashina yaliyosongamana, wala haruki mpaka alazimike. Kinachomfichua ni sauti: mlio mfupi uleule, anaurudiarudia bila kuupamba hata kidogo. Ukiusikia, simama. Ukimfuata ndani ya kichaka utavunja fito, naye atanyamaza.

Kutoka ufukwe wa Ziwa Tanganyika, takriban mita 770 juu ya usawa wa bahari, hadi kilele cha Nkungwe, mita 2,462, unapita miombo, misitu ya mabondeni, misitu ya milimani, nyasi na mianzi. Watu hudhani ndege huyu anaihitaji mianzi yenyewe. Mimi sikubali. Kaskazini-magharibi mwa Zambia huishi chini ya misitu yenye unyevu kandokando ya vijito, mbali kabisa na mianzi ya milimani. Anachotaka ni msongamano wa chini: giza, majani yaliyooza, fito zinazopishana kiasi kwamba mwewe hapenyi. Mianzi humpa hayo kwa wingi, ndiyo maana amejikita humo.

Kwa hiyo mianzi ikichanua na kufa kwa pamoja, kama ilivyo desturi yake, sishtuki sana. Jua huingia, magugu na mitambaazi hujaza nafasi, na kichaka kinabaki kichaka. Moto ndio unaonitia wasiwasi. Kiangazi hupanda kutoka kwenye miombo na nyasi, ukala kingo za msitu na kufagia kile cha chini kabisa, ambacho ndicho nyumba yake. Miti mikubwa inaweza kusalimika, na mpita njia akaona msitu bado upo.

Ukipanda huko na askari wa hifadhi, tafadhali usimchezee rekodi ya sauti yake tena na tena kwenye simu. Ataacha kula aje kumfukuza mpinzani asiyekuwepo.