Je, wajua kwa nini saa ya redio ya programu huwekwa ndani ya tanuri?

Katika redio ya programu, kazi iliyokuwa ikifanywa na koili na vichujio vya umeme hufanywa na kompyuta: antena hunasa mawimbi, kifaa huyapima mara mamilioni kwa sekunde, kisha programu huchambua namba zilizopatikana. Vipimo vyote hivyo hufuata mapigo ya saa moja ndogo, ambayo ni fuwele ya kwatzi inayotetemeka inapopitishiwa umeme. Saa hiyo ikikosea, programu haiwezi kugundua, kwa kuwa haina kipimo kingine cha kulinganishia.

Fuwele ya bei nafuu inaweza kupotoka kwa sehemu 20 katika milioni. Kwa saa ya mkononi, hizo ni sekunde 1.7 hivi kwa siku, na hakuna atakayelalamika. Redioni, hata hivyo, kosa hukua pamoja na masafa, yaani idadi ya mitetemo ya wimbi kwa sekunde. Kwenye megahezi 100 ni kilohezi 2 tu. Lakini setilaiti ya Es'hail-2 ya Qatar, iliyorushwa mwaka 2018, huwatumia wapenzi wa redio mawimbi yaliyo karibu na megahezi 10,489, na huko kosa lilelile hufikia kilohezi 210, ilhali sauti ya mzungumzaji mmoja huchukua takriban kilohezi 3.

Adui mkubwa wa fuwele ni mabadiliko ya joto. Ndiyo maana zile bora hufungiwa katika kijitanuri chenye joto lisilobadilika, mara nyingi kati ya nyuzi 70 na 85 za Selsiasi. Huenda ukajiuliza kwa nini isipozwe badala ya kupashwa. Kupasha ni rahisi zaidi: maadamu tanuri lina joto kuliko mazingira yake, kulidhibiti ni suala la kuongeza au kupunguza umeme tu.

Tanuri halizuii fuwele kuzeeka, na hapo ndipo GPS inapohitajika. Setilaiti zake hubeba saa za atomu, na kipokezi chake kinaweza kutoa pigo moja kila sekunde, ambalo mjenzi wa redio hulilinganisha na fuwele yake ili airekebishe. Mbona basi pigo hilo lisitumike peke yake? Kwa sababu kila pigo huwahi au huchelewa kwa nanosekunde (sehemu za bilioni za sekunde) kadhaa, wakati mwingine makumi, na usahihi wake huonekana tu baada ya kuchukua wastani wa muda mrefu. Kwa muda mfupi fuwele ndiyo tulivu zaidi. Kwa muda mrefu, setilaiti.

Kwa maoni yangu, kosa baya zaidi la mjenzi ni haraka. Akiifanya saa ifuate kila pigo, huingiza mtikisiko wa GPS moja kwa moja redioni, na mtikisiko huo hukuzwa: kutoka megahezi 10 za saa hadi gigahezi 10 za redio ni mara 1,000, yaani kelele huongezeka kwa desibeli 60. Marekebisho yanayofaa huenda polepole, kwa dakika nyingi, na umeme wa fuwele hutoka kwenye kidhibiti chake chenyewe chenye kelele ndogo. Tanuri nalo huhitaji muda kutulia baada ya kuwashwa, kwa hiyo wengi huiacha saa ikifanya kazi usiku na mchana hata redio yenyewe ikiwa imezimwa.