Kwa nini mtafiti wa afya akuulize sakafu yako ni ya nini, na asiulize unapata pesa ngapi?

Mtu wa utafiti akibisha hodi bomani kule Asembo au Gem, Kaunti ya Siaya, maswali ya homa na chandarua hayamshangazi mtu. Yanayochekesha ni yale mengine: sakafu ni ya saruji au imesiribwa kwa samadi? Paa ni la bati au la nyasi? Mnapikia kuni au gesi? Kuna redio, sola, baiskeli, ng'ombe? Taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, KEMRI, na washirika wake wamekuwa wakifuatilia kaya za Siaya tangu 2001, kwa hiyo maswali haya yamezoeleka huko, lakini dhana moja haijatoka: kwamba kipimo halisi cha utajiri ni mapato, na bati ni kubahatisha tu kwa sababu watu huficha pesa zao.

Ni kweli wanaficha. Ila hata angekuwepo asiyeficha kitu, swali lenyewe halijibiki. Chukua mama mwenye nusu ekari ya mahindi, anayeuza omena siku za soko, ambaye mwanawe aliye Nairobi humtumia M-Pesa akikumbuka. Mwezi huu anapata ngapi? Mahindi yaliyoliwa nyumbani hayakupita mfukoni. Zamu ya chama iliyomfikia juzi ni akiba yake mwenyewe imerudi. Ukimuuliza kati ya Aprili na Julai, uvuvi wa omena umefungwa. Ukirudi Septemba, ni hesabu nyingine kabisa. Mapato ya kijijini hupanda na kushuka, ilhali bati likishapigiliwa linakaa miaka, na mwulizaji analiona kwa macho yake.

Swali gumu ni hili: redio ina uzito gani ikilinganishwa na saruji? Mwaka 2001 wachumi Filmer na Pritchett, wakichunguza nani anasoma India na nani hasomi, walionyesha kwamba takwimu zenyewe zinaweza kutoa uzito huo. Fikiria mtihani wa darasa. Swali ambalo wote wamelipata halimtenganishi yeyote. La wote kukosa, vilevile. Lenye thamani ni lile linalopatwa na walewale wanaofaulu maswali mengine. Bati, pale ambapo karibu kila nyumba inalo, ni swali la bure. Saruji, ikiwa wenye nayo ndio pia wenye sola na pikipiki, inapewa alama nyingi. Jumla ya alama huzipanga kaya kuanzia ya chini hadi ya juu, kisha hukatwa mafungu matano yaliyo sawa. Hapo ndipo afya inapoingia: vifo vya watoto vimerundikana fungu gani, na kujifungulia hospitalini fungu gani? Kuna kipimo cha kujumlisha hayo, kinachoanzia -1 hadi +1: hasi maana yake jambo limewaelemea maskini, chanya limewaegemea wenye nacho.

Ng'ombe ndiye anayevuruga mtihani. Kule Gem, ng'ombe ni mali. Mtaani Milimani, mjini Kisumu, mwenye jumba la ghorofa hana hata ndama. Ukisahihisha nchi nzima kwa karatasi moja, ng'ombe anaweza kumpunguzia mtu alama! Ndiyo maana tafiti kubwa za afya siku hizi hukokotoa mji na shamba kando kabla ya kuunganisha. Na hata hivyo, fungu la tano la kijiji kimoja ni la juu kwa kijiji hicho tu. Aliyemo katika fungu hilo huenda akahesabiwa maskini akifika mjini.

Kasoro kubwa zaidi, kwa maoni yangu, ni kwamba sakafu si shahidi tu. Funza hustawi kwenye vumbi la sakafu ya udongo, na choo kibovu huleta kuhara. Ukipima utajiri kwa choo, kisha ukagundua kwamba maskini ndio wanaohara, umepima nini hasa? Watafiti makini hukokotoa mara mbili, mara ya pili wakiwa wameondoa choo na maji, waone kama pengo litabaki.